Mtoto akimwagikiwa na chai ya moto, ni maji au dawa ya msuwaki? Nimebishana na wakubwa

Ummu_Fuoni

Assalaam alaykum wapenzi, naomba mnisaidie kabla sijakosana na watu wazima ndani ya nyumba.

Juzi tulikuwa kwa wifi yangu, tumetandika mkeka ukumbini tunakunywa chai ya jioni, mikate ya kumimina ipo, maandazi yapo, chupa ya chai katikati kama kawaida yetu. Mtoto wa wifi ana mwaka na kidogo, ndo kwanza anajifunza kusimama dede, kamshika mamake bega na mamake ana gilasi ya chai mkononi, ile kuyumba tu chai yote ikamuangukia kifuani na mkononi. Alivyopiga ukelele wallahi hata jirani wa nyumba ya tatu alikuja. Sasa hapo kila mtu mbio na la kwake, mmoja anatafuta dawa ya msuwaki, mwengine kashika yai, jirani kaingia na lake chumvi chumvi tieni chumvi, mama mkwe wangu (Mungu ampe umri nampenda sana) kaja na kopo la samli. Mie nikasema maji jamani, nikakatazwa, ati pahala palipoungua pakipata maji panaoza na ndo panatoa malengelenge. Basi akapakwa dawa ya msuwaki, akafungwa kanga, tukenda spitali. Kule kazi ikawa kuibandua ile dawa imeshakauka juu ya ngozi, mtoto analia kuliko alivyolia alipoungua.

Alhamdulillahi anaendelea vizuri. Lakini nyumbani mjadala haujesha, mama mkwe anasema kapona kwa sababu alipakwa mapema, mie nasema kapona kwa rehema za Mungu na ile dawa ndo iliyomuongezea maumivu. Anaejua kitaalamu atwambie. Na kama ni maji, ni kiasi gani, kwa muda gani, maana sie huku maji ya bomba yanatoka yakitaka yenyewe. Halafu Ramadhani hiyo inakuja, makarai ya mafuta, uji, supu, vyote hivyo na mtoto wangu mwenyewe ndo ashaanza kutambaa, nnaogopa.

---

kipepeo_wa_ngambo

Pole shoga. Mie kila nikiungua na sufuria napaka dawa ya msuwaki na inapoza kweli sasa hivi sijui mnaikatazia nini

---

nesi_wa_kisiwani

Wa alaykumu salaam dada, mpe pole sana wifi. Mie nesi, nipo Pemba, na hii mada nnaipenda kwa sababu watoto wa kuungua na vitu vya majimaji, yaani chai, uji, maji ya kukogea, supu, tunawapokea mara kwa mara na wengi wao wanakuja wakiwa wamepakwa jiko zima.

Jibu ni maji. Maji ya kawaida ya baridi, si ya barafu, yamwagike taratibu juu ya pahala palipoungua kwa dakika 20. Tazama saa, usikisie, maana mtoto analia na roho yako inakwenda mbio, dakika 2 utaziona nusu saa ukaacha. Sababu yake ni hii: chai ukishaifuta moto wake haujaondoka, umeshaingia ndani ya ngozi na unaendelea kuunguza chini kwa chini, unachofanya na maji ni kuutoa ule moto kabla haujafika mbali. Ndo maana yule aliemwagiwa maji mapema kidonda chake huwa hakina kina kama cha yule aliepakwa samli. Na hata ukichelewa usikate tamaa, ikiwa hazijapita saa 3 tangu aungue bado maji yana faida.

Dada kipepeo, dawa ya msuwaki unahisi baridi kwa sababu ya ile ladha ya minti iliyomo, ngozi inadanganyika, lakini moto uko pale pale chini na wewe umeufunika. Ikikauka inaganda, na sisi hatuwezi kujua kidonda kina kina gani mpaka tuitoe. Yai bichi ndo baya zaidi, yai lina vijidudu, unampaka mtoto ambae ngozi yake iko wazi. Samli na mafuta yanashika joto. Unga, majivu, masizi ya sufuria, kahawa, vyote nshavikuta. Barafu pia usiweke, inaumiza ngozi ambayo ishaumia, na mtoto mdogo anapoa mwili mzima haraka.

Wakati mmoja anamwagia maji mwengine avue nguo, maana nguo iliyorowa chai inaendelea kuunguza. Na nepi itoeni, watu wanaisahau, chai ikishaingia mule haitoki. Ila nguo ikiwa imegandana na ngozi usiivute, kata pembeni yake uiache hapo hapo.

Halafu hili nawaomba sana sana. Vikuku, pete, na ile kamba nyeusi au hirizi tunazowafunga watoto mkononi. Mkono ulioungua unavimba, na kamba ile hailegei, inakuwa inakaza na kuzuia damu isifike vidoleni. Nimeshakata kamba kama hizo kwa mkasi mtoto vidole vimeanza kubadilika rangi na bibi yake kasimama pembeni ananambia nesi tafadhali usiikate. Ikateni mapema hapo hapo nyumbani, mkitaka mtamfunga tena akishapona, lakini kidole kikifa hakirudi.

Baada ya maji funika kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, kanga iliyofuliwa na kupigwa pasi inatosha, au ile nailoni nyembamba safi ya kufunikia chakula, uilaze juu tu usiizungushe ukakaza. Pamba usiweke, inaganda. Malengelenge msiyapasue, ile ngozi ya juu ndo bendeji bora kuliko zote. Ya maumivu mpe parasetamoli ya maji kwa kipimo cha uzito na umri wake kama ilivyoandikwa kwenye chupa.

Spitali aende lini? Chukua kiganja cha mtoto mwenyewe, si chako, pamoja na vidole vyake, hicho ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Palipoungua pakizidi hapo mpeleke. Hata pakiwa padogo, ukiona ni usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye maungo kama goti na kiwiko, mpeleke. Mtoto wa chini ya mwaka mpeleke. Umeme, dawa kali za kusafishia, au kavuta moshi, usisubiri. Na pakiwa peupe kama nta au peusi pakavu na mtoto hapigi kelele ukimgusa, msifurahi kwamba hapaumi, ina maana moto umefika mbali hata mishipa ya maumivu imekufa. Mtoto aliyeungua zaidi ya asilimia 10, yaani viganja vyake 10, anapoteza maji mengi mwilini, huyo anahitaji dripu, hapo ni gari yoyote mtakayoipata. Mchukue na kadi yake ya kliniki tuangalie chanjo ya pepopunda.

---

kipepeo_wa_ngambo

mh sawa nesi nimekusoma, lakini dakika 20 mtoto anapiga kelele na maji? si atapata nimonia

---

nesi_wa_kisiwani

Nimonia haitokani na maji ya baridi ya dakika 20 mwanangu. Ila kupoa mwili kweli kupo, hasa kwa wachanga, ndo maana unamwagia palipoungua tu, sehemu nyengine ya mwili umemfunika kanga kavu au blanketi. Ukiona anatetemeka au anazubaa simamisha, mfunike, nendeni spitali.

---

Bi_Mkubwa_Kwahani

Nyinyi vijana mna haraka ya kuwafanya wakubwa hawajui kitu. Mie nimelea watoto wangu na wajukuu, na nikiwapaka asali na samli ya ng'ombe na hajaoza mtu. Sisi tulikatazwa maji na wazee wetu kwa sababu, tena sababu ya maana. Maji yenyewe yalikuwa ya kisima cha wazi, ndoo ya kamba kila mtu anatumbukiza, wengine wanafulia hapo hapo. Kidonda kikipata maji yale kinatoa usaha siku ya pili. Sasa nyie mnaosema wazee wajinga mngekuwepo mngefanya nini. Mwambie mama mkwe wako Bi Mkubwa anamsalimu na nipo upande wake.

---

nesi_wa_kisiwani

Bi Mkubwa shikamoo. Hakuna aliesema wazee wajinga, na hilo la kisima umelisema vizuri kuliko mie. Kidonda kilicho wazi, kimeshatoka ngozi, kina siku yake ya pili ya tatu, kile kweli hakitakiwi maji machafu hata leo, na sisi tunawakataza wazazi wasikirowanishe ovyo. Kilichochanganyika ni kwamba katazo la kidonda limepelekwa mpaka kwenye ile dakika ya kwanza ambapo moto bado uko ndani ya ngozi. Hapo ni kuzima moto, kidonda kitakuja baadae.

Na asali pia sikukatalii moja kwa moja. Zipo tafiti zilizoonesha asali ya kidaktari, iliyosafishwa makusudi kwa ajili ya vidonda, inasaidia kidonda cha moto kisicho na kina kupona haraka. Lakini ile ni matibabu ya baadae, anafunga mtaalamu, kidonda kishapoa na kishasafishwa. Asali ya chupa ya sokoni ina vumbi, ina nyuki nusu, ina sukari waliyoongeza, huijui imetoka wapi. Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali kabisa hata kwa kikohozi, hii ni habari nyengine lakini nimeona niiseme.

---

Bi_Mkubwa_Kwahani

Marahaba mwanangu. Hapo umenijibu kwa adabu. Sugu zangu za mikononi zinatosha, lakini kwa mjukuu wangu wa sasa nitatumia maji.

---

Ummu_Fuoni

Bi Mkubwa nakusalimia na mie, salamu nitazifikisha 😂

Nesi ahsante sana sana Mungu akulipe. Swali langu la maji bado lakini. Kwetu maji ya bomba si ya kutegemea, tunajaza mapipa na ndoo, na kisima cha jirani maji yake yana chumvi kidogo tunayatumia kukogea na kufulia. Sasa dakika 20 za maji yanayotiririka ntazipata wapi??

---

baba_wa_mapacha

Hili la maji ntalijibu mie kwa sababu nilishafunzwa kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza kazini, tulifanyishwa kwa vitendo kabisa. Huhitaji bomba. Ndoo moja ya lita 20 inatosha ukiwa unamwaga polepole na kata au kopo, mtoto kapakatwa, mkono wake uko juu ya beseni safi, unateka unamwaga unateka unamwaga. Ndoo ikisha yale yaliyoanguka kwenye beseni yakiwa bado ya baridi unayateka tena, ni afadhali mara mia kuliko kusimama na kusubiri maji yatoke. Palipoungua pakiwa ni mkono au mguu unaweza kuutumbukiza wote kwenye ndoo ya maji safi, unayabadilisha yakianza kuwa vuguvugu. Kifuani na usoni ambapo huwezi kutumbukiza, chukua kitambaa safi, kirowanishe, weka, badilisha kila kikipata joto, usikiache hapo hapo kikauke. Na mkiwa mnakwenda spitali kwa boda au dala dala endeleeni na kile kitambaa njiani ikiwa dakika 20 hazijatimia.

Maji ya kisima ya chumvi kidogo, kama ndo hayo mnayokogea, mwagieni, yatawasha kidogo lakini yanapoza. Sisi nyumbani tumeweka ndoo moja yenye kifuniko kando ya mlango wa jiko, mke wangu kaiandikia ISIGUSWE kwa makapeni, watoto wanaijua. Maji yake tunabadilisha yasikae yakaota.

---

nesi_wa_kisiwani

Baba wa mapacha umenimalizia kazi. Naongeza tu, kwa kitambaa ni bora kuliko hakuna lakini maji ya kumwaga yanatoa moto zaidi, kwa hiyo kitambaa iwe pale ambapo maji hayatoshi.

---

mama_kwerekwe

Na mie nitie langu kwenye hilo la pili alilouliza, la Ramadhani na mtoto anaetambaa, maana naona wote mmekaa kwenye maji na ajali yenyewe hatujaizuia.

Sie tunakula chini, na hatutaacha kula chini, lakini ule mkeka wa futari ukiutazama kwa jicho la mtoto wa mwaka mmoja ni hatari tupu. Kila kitu kiko usawa wa mkono wake. Bakuli la uji, chupa ya chai, supu ya pweza inafuka moshi, na watu wote macho kwenye adhana. Kwangu mie sasa chai na uji na supu havifiki kwenye mkeka vikiwa katika chupa au sufuria, vinamiminwa jikoni, vinawekwa juu ya kabati refu mpaka kila mtu keshakaa na mtoto keshapakatwa na mtu MMOJA anaejulikana, na huyo mtu hashiki chai. Huwezi kupakata mtoto na kushika gilasi ya moto kwa pamoja. Watu watakwambia aaah naangalia, ndo hivo hivo wanavyounguza. Na chai haiwi salama kwa mtoto kwa sababu wewe unaweza kuinywa, inaweza kumuunguza hata robo saa baada ya kumiminwa, ngozi yao nyembamba. Nilifundishwa kliniki kwamba maji ya nyuzi joto 60 yanamuunguza mtu mzima vibaya kwa sekunde 5 hivi, mtoto hata hizo hazifiki, na chai ya kwetu inamiminwa ikiwa na moto kuliko huo.

Karai la mafuta ndo usiseme. Mie sikaangi bajia wala kachori mtoto akiwa macho bila mtu wa kumshika, basi, hata kama futari itachelewa. Na seredani, lile jiko la mkaa, isikae mlangoni au uani pahala pa kupita, watu tunapenda kuiweka kwenye upepo ishike moto tukaisahau. Mkaa ukishatumika usiumwage uani ukaacha, unaonekana majivu juu na ndani mwekundu, watoto wanapita pekupeku. Umwagie maji.

Chetezo. Wallahi chetezo hakuna anaekitaja. Alkhamisi usiku na Ijumaa tunafukiza udi, chetezo kiko chini sakafuni, kinanukia, kina moto unang'aa, mtoto gani hatakwenda? Kwetu kinapanda juu ya meza na kikisha kazi kinatoka nje.

Na kuna ile ndoo ya maji ya mzazi. Nyumba yenye mzazi wa arubaini, mkandaji anakuja asubuhi na jioni, maji yanachemshwa na majani yanaletwa ndoo nzima chumbani yanafuka, na ndo nyumba hiyo hiyo yenye mtoto wa kwanza wa miaka miwili mwenye wivu anaetaka kuwa karibu na mamake. Maji yabakie jikoni, yaletwe yakishachanganywa, na mtoto mkubwa apelekwe kwa bibi saa hizo. Ukimkogesha mtoto tia ya baridi kwenye beseni kwanza ndo uongeze ya moto, na upime kwa kiwiko.

Nimeandika gazeti samahanini, lakini hii mada inanigusa.

---

kipepeo_wa_ngambo

mama kwerekwe umenikumbusha madera!! haya madera yetu yanayoteleza teleza ukiegemea jiko la gesi mkono ule mpana unashika moto huoni, na hayaungui kama pamba yanayeyuka yanagandana na mwili. Mie jikoni navaa kanga na mikono nimeikunja

---

baba_wa_mapacha

Kweli, na nguo ikishika moto usikimbie, mbio zinaupepea moto. Simama, lala chini, jibiringishe huku umeziba uso na mikono. Mwengine akufunike blanketi zito au kanga nzito iliyorowa. Wafundisheni watoto wa skuli hili kama mchezo, wangu wanalifanya ukumbini wanacheka lakini wanalijua.

---

Ummu_Fuoni

Sasa nina swali jengine jamani msinichoke. Kama maji ndo dawa, karai la mafuta likishika moto lenyewe, nalo maji?

---

fundi_jiko_mjini

HAPANA dada hapana, hilo usijaribu. Mafuta yanayowaka ukiyamwagia maji, maji yanazama chini yanachemka ghafla yanaruka mvuke na mafuta yote yanakurukia yakiwa yanawaka mpaka darini. Zima gesi ikiwa unaweza kufika bila kupitisha mkono juu ya moto, halafu funika na kifuniko au sinia kubwa, moto ukikosa hewa unakufa wenyewe, na usifunue kuchungulia mpaka karai limepoa kabisa. Karai usilibebe kulitoa nje, hapo ndo watu wanajimwagia miguuni. Ukiona haliwezekani toa watu wote nje kwanza, uite zimamoto.

Mie natengeneza majiko na kufunga gesi hivyo ntasema na la gesi maana nyumba nyingi sasa zimetoka kwenye mkaa zimeingia kwenye mtungi lakini hawajaambiwa kitu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani, inashuka inatanda sakafuni, inajaa chini ya meza na kwenye kona, inasubiri cheche. Kwa hiyo ile harufu kali (wameitia makusudi, gesi yenyewe haina harufu) ukiipata asubuhi unafungua mlango, usiwashe taa, na kama taa inawaka usiizime, swichi inatoa cheche yote mawili. Simu pia usitumie hapo ndani. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toka, subiri mpaka harufu iondoke kabisa.

Wengi wanaita fundi kwa sababu ya harufu kumbe wangejua wenyewe inavuja wapi. Chukua sabuni ya maji, koroga na maji itoe povu, paka kwenye kile kichwa cha mtungi na kwenye mpira kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mtungi umefunguliwa na jiko limezimwa. Pakitoka vipovu vinavyokua, hapo ndo panavuja. Usitumie kibiriti kupima, nshakuta mtu anapima na kibiriti nikamuomba aniruhusu nitoke kwanza. Mpira ukiuona umepasuka pasuka kama kisigino, umekuwa mgumu, au umelalia pahala pa moto, badilisha wote, usifunge na mpira wa baiskeli wala selotepu. Mtungi ukae umesimama wima, nje ya jiko ukipata nafasi, na mtoto asifikie ile funguo yake.

Na wale ambao bado wanatumia jiko la mafuta ya taa, usiongeze mafuta likiwa linawaka, zima, subiri lipoe. Na mafuta yenyewe msiyatie kwenye chupa za soda au za maji ya kunywa. Mtoto haangalii rangi, anaona chupa anakunywa.

---

nesi_wa_kisiwani

Fundi hapo kwenye mafuta ya taa: mtoto akishakunywa msimtapishe, wala msimpe maziwa kwa kulazimisha ili atapike. Akitapika yanapanda yanaingia kwenye mapafu na hapo ndo hatari yenyewe. Mleteni spitali na chupa yake.

---

Ummu_Fuoni

Fundi huo mpira wangu tangu tununue jiko haujabadilishwa na kweli ushakuwa mgumu. Wa kununua nautambuaje kwamba ni wa gesi, dukani Darajani nimeona ipo ya rangi kila aina na mwenye duka anasema yote sawa?

---

fundi_jiko_mjini

Si sawa. Tafuta ulioandikwa kwenye mwili wake wenyewe kwamba ni wa gesi ya kupikia na una tarehe, ile maandishi yamechapwa mwanzo mpaka mwisho wa mpira. Usio na maandishi yoyote ni wa maji huo, gesi inaula taratibu. Usinunue mrefu ukauzungusha nyuma ya jiko, mita moja na nusu inatosha. Na ununue na vile vibano vyake viwili vya chuma, kimoja upande wa mtungi kimoja upande wa jiko, watu wanafunga waya. Ukishafunga paka povu tena hata kama fundi ndo aliefunga, hata kama ni mie.